Rambirambi za Kitanda cha Mninga

Haya aliniambia Eustadia mwenyewe, Jumamosi ya kuamkia Pasaka, alipofika kwangu Kwihara kuchukua karanga za kwenda kuuza mjini. Tulikaa na ungo kati yetu, anachambua huku anasema, na alisema yote bila kujipendelea. Vipande ambavyo hakuviona yeye alihadithiwa na mumewe baadaye, au nilivipata mimi kwa Masolwa, ambaye shamba lake na langu yamepakana. Mimi nimeyapanga tu yakafuatana.

Ilikuwa mwisho wa Oktoba, wakati ambao watu wa Ipuli, mtaa wao Eustadia kule mjini, wanatazama juu kila jioni kungoja mvua. Upepo ulikuja Jumanne alasiri ukaondoka na mabati sita ya chumba cha kulala cha Nikolaus na Eustadia. Manne yalipatikana kwenye viwanja vya watu yamejikunja, hayafai hata kuzibia banda la kuku. Mawili hayakuonekana tena. Chumba kikabaki kuta nne, na katikati ya kuta, kitanda.

Nikolaus ni seremala. Kitanda kile alikitengeneza mwaka aliomwoa Eustadia, sita kwa sita, mninga mtupu, na hakina msumari hata mmoja. Mbao zimeingiliana kwa ndimi, zikakazwa kwa vigingi. Mteja akija kuagiza meza alikuwa anaonyeshwa kitanda kwanza ili ajue amefika kwa nani. Lakini siku hizi watu wananunua vitanda vya chuma, na Nikolaus alikuwa na miezi miwili anarudishia miguu ya viti vya shule. Mabati sita, mbao mbili na misumari ilikuwa laki mbili na ishirini. Nyumba nzima hapakuwa na kitu kingine cha kufikia bei hiyo.

Basi Ijumaa asubuhi Eustadia alitandika shuka safi, akakipiga picha kwa simu, akakiweka kwenye grupu la mnada la Bi Ummy. Grupu hilo lina watu zaidi ya mia mbili, wa mjini na wa vijijini. Unaweka kitu chako na bei ya kuanzia, watu wanataja dau, na siku ya pili saa kumi na mbili jioni mwenye dau la juu anachukua. Eustadia alikuwa anauzia humo karanga na asali, ndiko kulikokuwa na wateja wake wote.

Sharti la grupu lilikuwa moja. Mwenye mali akishatajiwa dau la kwanza, harudi nyuma. Bi Ummy aliliweka kwa sababu watu walikuwa wamezidi: wakiona bei haipandi, wanavunja mnada kabla ya saa. Huyu anasema kimeshauzwa, yule anasema mume amekataa. Kuna mama mmoja friji lake liliharibika mara tatu, kila mara dakika kumi kabla ya kufunga, na kila wiki inayofuata likapona. Kwa hiyo ikaamuliwa kwamba anayevunja analipa elfu thelathini na anatolewa. Aliyefiwa peke yake ndiye anayesamehewa.

Eustadia alianzia laki mbili.

"Godoro limo?" aliandika mtu.

"Godoro halimo."

"Hakipigi kelele? Mimi nimepanga, nina majirani."

"Kimemlaza fundi miaka kumi na mitatu. Ungeshasikia," alijibu Eustadia, na watu wakacheka kwa zile alama zao za kucheka.

Mmoja akasema laki mbili na kumi. Jioni akatokea mwingine: "Laki mbili na thelathini. Masolwa, Kwihara." Baada yake pakawa kimya.

*

Jumamosi saa nane mchana dau lilikuwa lilelile. Nikolaus alikaa mlangoni kwenye kigoda, simu ya mkewe juu ya goti, anaigusa kila inapozima.

"Laki mbili na thelathini," alisema. "Tangu jana."

"Muda bado upo, Baba Elieth."

"Muda wa nini? Watu wote hao wamekiona. Wengine wameweka alama ya makofi. Makofi yanaezeka?"

"Thelathini inaezeka. Nimepiga hesabu. Tunamaliza paa, tunabaki na elfu kumi ya unga."

"Unajua ubao wa mninga sasa ni shilingi ngapi? Ubao tu, kabla mimi sijaugusa?"

"Najua."

"Basi huyo mtu analipa nusu ya mbao, na mikono yangu anaichukua bure. Wewe ungekubali?"

"Mimi ningekubali," alisema Eustadia. "Ikinyesha juu yake wiki hii utauza kuni."

Eustadia akaingia jikoni kuchekecha unga, na kutoka huko akamsikia mumewe anaandika. Huwa anaandika polepole, na kila neno analitamka chini chini kama mtu anayesali.

"Ndugu zangu wa grupu, ni mimi Baba Elieth. Kwa masikitiko. Mama yangu mzazi, Suzana, amefariki huko kwetu Lusu. Kitanda nakitoa mnadani. Samahani kwa usumbufu."

Eustadia alitoka na chekeche mkononi.

"Nikolaus!" Jina hilo hamwiti ila akiwa amekasirika. "Umeandika nini?"

"Mama si amefariki? Uongo uko wapi?"

"Amefariki lini?"

"Sikusema lini."

Mama yake Nikolaus, marehemu Suzana, alikuwa na miaka sita kaburini.

*

Nikolaus alidhani watamwandikia pole mbili tatu, wahamie kwenye jiko la gesi la mtu mwingine. Hakumjua vizuri Bi Ummy. Bi Ummy anauza vitenge karibu na soko, na msiba wa mtu anaubeba kama wake. Robo saa haijapita akatuma sauti yake.

"Jamani, mwenzetu Mama Elieth amefiwa na mkwe. Grupu hili si la kuuziana masufuria tu. Rambirambi tumeni kwenye namba yake hiyo hiyo, na mimi naandika orodha hapa kila mtu aione."

Simu ikaanza. Elfu mbili. Elfu tano. Elfu mbili. Kila inapolia Nikolaus anashtuka. Masolwa wa Kwihara alituma elfu kumi na maneno: "Pole sana kaka. Kitanda kitasubiri, shughulikia mama." Akaja mmoja aitwaye Lukumani, elfu tano: "Suzana wa Lusu, yule muuza matobolwa, viazi vikavu, pale stendi? Mungu wangu. Mimi nilikuwa kondakta njia ya Nzega. Sikuwa nimesikia."

"Nizime simu?" Nikolaus aliuliza.

"Ukizima watakuja haraka zaidi."

"Basi andika wewe. Sema wasitume."

"Niseme kwa nini?"

Ilipofika jioni orodha ya Bi Ummy ilikuwa na watu thelathini na mmoja, na fedha iliyoingia laki moja na elfu arobaini na tatu. Nikolaus alitazama tarakimu ile kwa muda. Eustadia aliniambia, "Bibi, nilimwona anaitazama, nikaogopa, kwa sababu hata mimi nilikuwa naitazama."

Jirani yao Apolinaria akapita uani kuchukua ndoo yake. Yeye anasali nao jumuiya moja, na miaka sita nyuma ndiye aliyeongoza rozari ya marehemu Suzana, sebuleni mle mle.

"Kuna mtu dukani kaniambia hapa kuna msiba," alisema. "Wa nani tena?"

Eustadia alimwangalia mumewe. Mumewe aliangalia ndoo.

"Wa mama," alisema Nikolaus.

"Mama yupi?"

Apolinaria akainua ndoo yake taratibu.

"Haya. Mimi sijauliza," alisema. "Wakija wageni, mikeka nitawaazima. Ila msinitafute kuja kulia."

*

Walikuja Jumapili baada ya misa ya pili. Bi Ummy alitangulia, kanga mbili begani, nyuma yake wanawake watatu na wanaume wawili, na turubai la bluu ambalo grupu lilinunua kwa ajili ya misiba ya wenzao. Mama mmoja muuza mitumba alishika sukari kilo mbili. Halafu akafika Masolwa kwa baiskeli kutoka Kwihara, shati limelowa, nusu gunia la unga limefungwa nyuma kwa mpira.

Wanaume hawakungoja kuambiwa. Walitafuta miti, wakafunga turubai uani. Walipokuwa juu ya ngazi wakaona chumba kisicho na paa.

"Yesu! Na hili nalo?" alisema mmoja. "Mtu anafiwa na paa halipo."

"Pole, Baba Elieth," alisema Bi Ummy. "Yamekukuta mawili kwa mpigo. Ungesema."

Nikolaus alikaa kwenye mkeka wa Apolinaria amekunja miguu. Kila aliyeingia alimshika mkono, naye akawa anasema "tumeshapoa" kama inavyotakiwa. Hata mtoto angeweza kuona kwamba uso wake ni wa mtu aliyefiwa kweli. Eustadia alikuwa jikoni anapika chai kwa sukari ile ya mama wa mitumba, maana ya kwao haikuwepo. Elieth, binti yao wa miaka minane, alikuwa amepelekwa kwa Apolinaria tangu asubuhi akaambiwa asitoke.

"Sasa, tuambie," alisema Bi Ummy alipokwisha kukaa. "Mazishi ni kesho?"

"Ndiyo."

"Saa ngapi?"

"Saa nane," alisema Nikolaus.

Saa nane ndiyo saa aliyozikwa mama yake kweli, miaka sita iliyopita. Nikolaus siku ile alikuwa anahangaikia nauli mjini, akafika Lusu saa kumi na moja, watu wananawa udongo.

"Vizuri. Tutawahi," alisema Bi Ummy. "Tumekodi Hiace. Nimeshatoa elfu arobaini ya kushika gari, nyingine tutachanga njiani. Tunakwenda watu kumi na wanne. Huwezi kwenda kumzika mama peke yako kama mtu asiye na watu."

Masolwa akasema, "Mimi nitatoka Kwihara alfajiri, nisichelewe."

Hapo ndipo Eustadia alitoka na sinia la vikombe. Aliliweka chini, akapiga magoti mbele ya Bi Ummy kama anayetaka kumkaribisha chai.

"Bi Ummy, mwambie mwenye gari asije."

"Kwa nini, mwanangu? Kama ni fedha..."

"Mama yetu ameshazikwa."

"Wamemzika leo? Bila kumngoja mtoto wake?"

"Ana miaka sita. Amezikwa miaka sita."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akidhani amesikia vibaya, kisha akaacha. Chai ilikuwa inatoa moshi. Bi Ummy aliutazama uso wa Eustadia, akautazama wa Nikolaus.

"Baba Elieth. Mkeo anasema kweli?"

"Sikusema lini," alisema Nikolaus.

"Alaa!"

"Dau lilikuwa dogo, Bi Ummy. Nikaona..."

"Ukaona umtoe mama kaburini aje akusaidie kuvunja mnada." Bi Ummy hakupaza sauti. "Mimi nimefunga duka jana, nimefunga leo. Huyu mzee kaendesha baiskeli na unga. Yule wa friji angalau alisingizia friji."

Mama wa mitumba alisimama, akaenda jikoni. Akarudi na mfuko wa sukari, ameukunja mdomo. "Kilo moja na kidogo imebaki," alisema, si kwa mtu yeyote. "Nyingine imo kwenye chai." Akaangalia vikombe kama anayefikiri kama navyo ni vyake. Wanaume wakaanza kufungua turubai. Fundo moja lilikuwa limekaza, na ilibidi waombe kisu cha mwenye nyumba.

Masolwa peke yake alikuwa bado amekaa.

"Kwani dau langu lilikuwa tusi?" aliuliza.

"Hapana, mzee," alisema Nikolaus.

"Mke wangu ameumia nyonga. Daktari kasema asilale chini, akilala chini hainuki bila watu wawili, na nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Ijumaa asubuhi niliuza mbuzi wangu nikasema bei niliyonayo. Sikuja kuokota. Ningekuwa na tano ningesema tano." Akakuna goti. "Sasa, Bi Ummy, sheria inasemaje? Mimi ndiye niliyekuwa juu."

"Kitanda ni chako."

"Kwa bei ile?"

"Kwa bei ile. Wao watalipa elfu thelathini ya kuvunja, na arobaini ya gari, maana mwenye gari harudishi. Rambirambi za watu zirudi zote leo leo, na makato ya kutuma ni juu yao." Bi Ummy alitoa simu kwenye mkoba, akagusa mara mbili. "Na kwenye grupu nimeshawatoa."

Mpaka siku ananisimulia, Eustadia hakuwa amerudishwa. Ndiyo maana karanga zangu anazibeba kichwani, anazipitisha nyumba kwa nyumba.

*

Kitanda kisicho na misumari hakibebwi na mtu yeyote tu. Ni lazima kifunguliwe, na anayejua vigingi vinatokea upande gani ni aliyevipiga. Nikolaus aliingia chumbani na nyundo ya mti, jua la saa tisa likimpiga kichwani kupitia mahali pa paa, akavitoa kimoja kimoja na kuviweka ndani ya kofia yake. Masolwa alishika mbao. Hawakuzungumza ila "inua" na "shusha hapo".

"Nani atakipanga huko?" Masolwa aliuliza, guta la kubebea lilipofika.

"Nitakuja."

Akapanda nyuma ya guta juu ya mbao zake. Huku Kwihara wengi tuliwaona wanapita, tukasema Masolwa kanunua kitanda na fundi wake.

Benedikta, mke wa Masolwa, alikuwa kwenye mkeka ukutani. Nikolaus alimwamkia, "Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Pole na msiba. Mzee aliniambia jana. Na bado umetoka kuja kutufanyia kazi?"

Nikolaus alimtazama Masolwa. Masolwa alikuwa anachagua kigingi kwenye kofia.

"Ahsante, mama," alisema Nikolaus.

Alikipanga polepole, akakitikisa kila kona. Kisha wakamshika Benedikta huku na huku wakamkalisha ukingoni. Alikaa, akaweka viganja juu ya ubao, akajaribu kusimama mwenyewe. Mara ya kwanza alishindwa. Mara ya pili alisimama.

"Hakilii," alisema.

"Hapana," alisema Nikolaus. "Hakilii."

Masolwa alimtumia laki mbili na thelathini pale pale, mbele ya macho yake, akamsomea ujumbe ili asiseme baadaye hakulipwa. Unga hakuurudia. Alisema tu, "Ule umeshafika kwako, sitaubeba tena."

*

Giza lilipoingia walikuwa sebuleni wote watatu, upande wenye mabati, godoro limetandikwa chini. Mlango wa chumba kile ulikuwa umefungwa kwa waya. Elieth alilala kwanza, mguu wake juu ya mama yake.

"Yamebaki mangapi?" Eustadia aliuliza.

"Nikitoa ya Bi Ummy, laki moja na sitini. Bado makato."

"Hiyo ni mabati manne na mbao."

"Manne," alisema Nikolaus.

"Tutaanzia upande wa ukuta mbovu." Akavuta shuka. "Uliambiwa thelathini inaezeka."

"Niliambiwa."

Baada ya muda kidogo pumzi ya Eustadia ikabadilika, usingizi umemchukua.

Nikolaus alibaki na orodha. Mmoja mmoja, majina thelathini na moja, alirudisha elfu mbili, elfu tano, na kila mmoja akamwandikia kwa kutamka chini chini: Samahani. Mama yangu alifariki zamani. Nilikosea. Wengine hawakujibu. Wengine walijibu, na hayo hakumsomea mkewe hata siku iliyofuata. Lukumani alikuwa wa mwisho. Alipomrudishia elfu tano yake, haikupita dakika ikarudi tena.

Nikolaus akaandika: "Kaka, hujaelewa. Alifariki miaka sita iliyopita. Ilikuwa habari ya mnada tu."

"Nimeelewa. Kwenye grupu wameshasema," aliandika Lukumani. "Mimi niliacha kazi ya gari miaka minane. Yule mama alikuwa ananipa matobolwa kila asubuhi, ananiambia utalipa ukirudi. Kuna siku nilirudi kwa njia nyingine, sikumlipa. Kwangu mimi amekufa jana. Hiyo elfu tano si ya kitanda."

Baadaye akaongeza: "Alizikwa vizuri?"

Nikolaus alikaa na swali hilo. Akaandika, akafuta. Akaandika tena, safari hii bila kutamka: "Sijui. Nilichelewa."

"Pole sana, kaka," aliandika Lukumani.

Mvua ilianza muda huo, si kubwa. Juu ya sebule iligonga mabati, na chumba cha pili iligonga sakafu tupu, pale palipokuwa na alama nne za miguu ya kitanda, na Nikolaus aliisikia tofauti ya sauti hizo mbili. Aliisoma pole ile mara nyingine. Kisha akaweka simu chini ya godoro isilowe, akamsogeza binti yake kidogo ili apate nafasi, akalala.